Mkono Uliopinda: Kiswahili Mbele ya Picha ya Galaksi

Utangulizi

Usiku wa Julai, mwezi ukiwa haujachomoza na umeme ukiwa umekatika, mtu aliyesimama uani kwake Chamazi au Mbande, ukingoni mwa Temeke, huweza kuona utepe wa nuru hafifu uliokata anga kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki. Sehemu yake pana na angavu zaidi hupita si mbali na utosi wa anga, kwa kuwa Dar es Salaam ipo nyuzi 6.8 kusini ya ikweta na kitovu cha utepe huo nacho kipo upande wa kusini. Umeme unaporudi, taa za madukani na za barabarani huwaka na utepe hutoweka. Mkazi wa Mwananyamala au Tandika, ambako nyumba zimebanana na taa ni nyingi, huenda akamaliza mwaka mzima pasipo kuuona.

Utepe huo ndio uitwao Njia Nyeupe, au Njia ya Maziwa. Ni galaksi ambayo jua na dunia vimo ndani yake, ikionekana kutoka ndani. Mtu aliye ndani ya kitu haoni umbo la kitu hicho. Anayepita kwenye vichochoro vya Tandale huona kuta mbili, mfereji na kipande cha mbingu. Umbo la Tandale kama linavyochorwa kwenye ramani halimo katika yale anayoyaona. Vivyo hivyo, binadamu hajapata kuipiga picha Njia Nyeupe kutoka nje, na hakuna chombo kilichofika mbali kiasi hicho. Umbo lake limekisiwa kwa vipimo, na kwa kutazama picha za galaksi nyingine ambazo kwa bahati zimeuelekezea dunia uso wao.

Mhadhara huu unahusu picha hizo, na hasa lugha ya kuzitazama. Swali lake ni jepesi kulitamka: msemaji wa Kiswahili anapowekewa mbele yake picha ya galaksi yenye mikono, anasema anaona nini? Swali hili limeepukwa mara nyingi kwa kukimbilia suala la istilahi, yaani kutafuta neno moja litakalosimama badala ya neno moja la Kiingereza. Inadaiwa hapa kwamba istilahi huja baada ya maelezo, na kwamba pale ilipotangulizwa maelezo, madhara yake yameonekana.

Majina yaliyotolewa bila kutazama

Mfano ulio karibu ni wa sayari. Kiswahili kilirithi kutoka Kiarabu majina ya sayari zinazoonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya yalitumiwa na watu walioziona nyota zenyewe, wakazifuata usiku hadi usiku na kujua ipi hukaa karibu na jua na ipi huenda polepole. Sayari za mbali zilipohitaji majina kwa ajili ya vitabu vya shule, jambo la ajabu likatokea katika baadhi ya orodha. Sayari iliyo karibu zaidi na jua ikaitwa Zebaki, kwa sababu tu katika Kiingereza jina la sayari hiyo na la madini ya zebaki ni moja. Jina Utaridi, lililokuwa lake kwa karne nyingi, likabaki bila mwenyewe, likapelekwa Pluto. Zohali ikahamishiwa Uranus, na mwenye jina hilo akapewa Sarateni, ambalo kwa asili ni jina la buruji ya Kaa. Neptune ikapewa Kausi, yaani buruji ya Upinde.

Vizazi vya wanafunzi vilikariri orodha hizo. Mwaka 2006 wanaastronomia wa dunia walipoiondoa Pluto katika daraja la sayari, ilionekana kana kwamba Utaridi ndiyo iliyofutwa, ilhali Utaridi wa mabaharia ulikuwa bado ukichomoza kabla ya alfajiri kama kawaida yake. Kosa hapa halikuwa la ufukara wa lugha, kwani maneno yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kutoka nje na kutazama juu kabla ya kuyagawa.

Kinyume chake kilitokea tarehe 1 Septemba 2016. Siku hiyo mwezi ulipita mbele ya jua bila kulifunika lote, na watu wengi wakakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kulishuhudia. Miongoni mwa waliouandaa umma kwa tukio hilo alikuwa Dkt. Noorali Jiwaji, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo chenye makao makuu yake Kinondoni, ambaye kwa miaka mingi ameandika magazetini juu ya anga la usiku. Neno lililotumika kwa kilichoonekana lilikuwa pete. Halikuhitaji kufafanuliwa, kwani aliyetazama kupitia miwani maalumu aliona pete. Hata kitenzi kilichobeba tukio zima, kupatwa, ni cha zamani na hakikuazimwa popote.

Picha iliyochorwa na picha iliyopigwa

Katika Kiswahili neno picha hutumika kwa mchoro na kwa picha ya kamera pia. Tofauti huwekwa na kitenzi. Picha huchorwa, na picha hupigwa. Historia ya kulitambua umbo la galaksi imepita katikati ya vitenzi hivi viwili.

Mwaka 1845, huko Birr nchini Ireland, Lord Rosse alielekeza darubini yake mpya, yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.8, kwenye wingu dogo la nuru ambalo leo hujulikana kwa namba M51. Ndiye wa kwanza kuona kwamba wingu lile lilikuwa na mistari ya nuru iliyopinda kuelekea kitovuni. Hakuwa na namna ya kuipiga picha, alichora. Mchoro wake ni mzuri, na mtu akiulinganisha na picha za leo hupata mshangao wa jinsi jicho na mkono vilivyofanya kazi kwa uaminifu. Hata hivyo mchoro una mashaka yake: mchoraji huamua mstari uishie wapi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1847, George Bond wa Harvard aliitazama galaksi ya Andromeda, M31, akaona ndani yake mistari miwili ya giza iliyokaribia kunyooka, na ndivyo alivyoichora. Hakukosea kuona. Darubini yake ilimwonyesha kipande tu cha kitu kikubwa, na kipande cha duara kubwa huonekana kama kimenyooka.

Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza aliipiga picha Andromeda kwa kuiacha bamba ya kioo ikusanye nuru kwa muda mrefu. Hapo mistari ya Bond ikaonekana kuwa sehemu ya nafasi za giza zilizozunguka kitovu, na Andromeda ikajulikana kuwa jamaa ya M51. Roberts mwenyewe alidhani amepiga picha ya jua changa likizaliwa pamoja na sayari zake. Umbo aliliona sawasawa; ukubwa hakuujua kabisa. Ilibidi kungoja hadi Oktoba 1923, Edwin Hubble alipoitambua katika bamba ya Mount Wilson nyota moja yenye kubadilika mng'ao, akaitumia kukadiria umbali. Wingu la Andromeda likawa galaksi nzima iliyo nje ya Njia Nyeupe. Makadirio ya leo ni takriban miaka ya nuru milioni 2.5.

Inafaa kuongezwa kwamba jamii iliyoandika Kiarabu iliijua Andromeda mapema zaidi. Abd al-Rahman al-Sufi aliitaja kuwa kiwingu kidogo katika kitabu chake cha nyota, yapata mwaka 964. Kiwingu hicho huonekana hata leo kutoka pwani ya Kunduchi au Bunju, usiku wa Novemba wenye giza, kwenye anga la kaskazini juu kidogo ya nyuzi 40 kutoka upeo wa macho. Lakini kwa macho matupu ni kiwingu tu. Mikono yake haijapata kuonekana na yeyote ila kwa msaada wa chombo na picha, na kwa sababu hiyo hakuna lugha duniani iliyokuwa na neno la asili la kitu hiki. Kiingereza nacho kilibidi kitazame vitu vya nyumbani na kuazima.

Jongoo, dawa ya mbu na konokono

Lugha ikilazimika kuazima kutoka nyumbani, nyumba za Dar es Salaam zina mengi ya kuazimisha. Yamkini kitu cha kwanza kitakachomjia mtu wa Mbagala mbele ya picha ya M51 ni dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya rangi ya kijani inayouzwa ikiwa mizunguko miwili iliyoshikana, na ambayo huvunjika mtu anapojaribu kuitenganisha kwa haraka. Ufananisho huu una thamani kuliko unavyoonekana, kwani M51 nayo ina mikono miwili inayoanzia pande mbili zinazotazamana za kitovu, kila mmoja ukipita katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Wengine watamkumbuka jongoo aliyeguswa wakati wa masika akajikunja. Wengine, unga wa chapati uliopakwa mafuta, ukakunjwa kuwa kamba na kuzungushwa kabla ya kusukumwa.

Vitu hivi vyote ni bapa, na ubapa huo ni muhimu. Miongoni mwa maneno yaliyopendekezwa na kutumiwa kwa galaksi za aina hii ni parafujo, neno la asili ya Kireno lenye maana ya skrubu. Parafujo hupanda: uzi wake huzunguka huku ukisogea kwenda mbele, na upana wa mzunguko haubadiliki. Galaksi haifanyi hivyo. Kisahani chake ni chembamba mno kulinganishwa na upana wake, na mikono imelala ndani ya kisahani hicho. Msokoto nao una kasoro ya namna yake, kwa kuwa kinachosokotwa, kama kamba au utambi, hujizungusha chenyewe juu ya mhimili wake. Kuzonga kungefaa zaidi, kwani ni kuzunguka kitu kilicho katikati, ingawa matumizi ya siku hizi yamekifanya kitenzi hicho kiwe cha matatizo na madeni.

Hata jongoo na dawa ya mbu haviwezi kuachwa bila kuchunguzwa. Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko wa dawa ya mbu ni ile ile kutoka ndani hadi nje. Katika picha ya galaksi, nafasi kati ya mikono hupanuka kadiri mtazamaji anavyotoka kitovuni. Mkono huachana na duara kwa pembe ambayo hubadilika kidogo tu, na ambayo kwa galaksi nyingi huwa takriban nyuzi 10 hadi 30. Aliye na umbo hilo ni konokono. Gamba lake huanza na mizunguko midogo iliyobanana na humalizikia kwenye mdomo mpana. Basi mtoto atakayesema kwamba galaksi ni kama dawa ya mbu ameona mikono miwili, na atakayesema ni kama konokono ameona namna mikono inavyofunguka. Wote wawili wametazama. Mwalimu mwenye busara atawauliza kila mmoja ni wapi mfano wake unapoacha kufanana na picha, na hapo somo litakuwa limeanza.

Galaksi iliyoinama huleta swali jingine. Andromeda haionekani duara bali yai refu, kwa sababu imeugeuzia dunia ubavu. Ungo wa kupepetea ukishikwa wima mbele ya macho ni duara, ukiinamishwa huwa yai, na ukilazwa usawa wa macho huwa mstari. (Ungo, katika hadithi za uchawi zinazosimuliwa mjini hadi leo, ndio chombo cha kusafiria angani usiku; ni nadra ufananisho wa kisayansi kupata msaada wa namna hii.) Galaksi ya M104, inayoonekana karibu kabisa ubavu, ilipewa na wasemaji wa Kiingereza jina la kofia pana ya Mexico. Mtu wa Pwani angeweza kuona sahani iliyofunikwa kawa, na ukingo wa giza wa sahani hiyo, ambao ni vumbi, ungekuwa na mahali pake katika mfano wake.

Kwa sehemu za ndani lugha imekwisha kujitosheleza. Kitovu hutaja katikati kwa namna ambayo yeyote mwenye mwili huielewa. Mkono hauna mpaka kati ya bega na vidole, jambo linalofaa sana, kwani mikono ya galaksi haina kiwiko wala kiganja. Ule mstari ulionyooka unaopita kitovuni katika galaksi nyingi, Njia Nyeupe ikiwa mojawapo, umewahi kuitwa mwamba. Vijana wa Temeke hawatahitaji ufafanuzi, kwani mpira hugonga mwamba kila Jumapili, lakini msomaji wa jiografia anaweza kudhani ni jabali. Pengine pau, ambalo wanafunzi wanalijua tayari kutokana na grafu, lingeleta utata mdogo zaidi.

Uliopinda, unaopinda, unaozunguka

Jambo zito kuliko yote halimo katika nomino. Limo katika kitenzi, na hasa katika kiambishi cha njeo.

Mtazamaji akisema «mkono uliopinda», ametaja hali: mkono una umbo hilo. Kiambishi -li- katika kishazi rejeshi cha namna hii hakielezi tukio lililopita, bali hali iliyopo inayotokana na tendo, kama katika «mtoto aliyelala» au «mti ulioinama». Akisema «mkono unaopinda», sentensi huweza kusomwa kwa njia mbili: kwamba njia ya mkono inapinda kama barabara inavyopinda, au kwamba mkono wenyewe umo katika kupinda. Akisema «mkono unaozunguka», ametoa dai la mwendo. Na picha haina mwendo. Jua huchukua zaidi ya miaka milioni 200 kukizunguka kitovu cha Njia Nyeupe mara moja. Hakuna bamba, wala mabamba mawili yaliyopishana kwa maisha ya mtu, yatakayoonyesha galaksi ya mbali ikigeuka kwa jicho la kawaida.

Kwamba hili si suala la sarufi peke yake huthibitishwa na kisa cha Adriaan van Maanen. Mwanaastronomia huyu, aliyekuwa hodari wa vipimo, alianza mwaka 1916 kuchapisha matokeo ya kulinganisha picha za galaksi zilizopigwa katika miaka tofauti, akianza na M101, na akaripoti kwamba aliona mikono yake ikisogea. Kama ingekuwa kweli, galaksi ingekamilisha mzunguko mmoja katika muda usiofika miaka laki moja. Kwa mwendo huo isingeweza kuwa mbali, kwani vitu vya ukingoni vingelazimika kwenda kwa kasi isiyokubalika. Harlow Shapley alizitegemea hesabu hizo katika hoja zake kwamba mawingu ya aina hiyo hayakuwa galaksi za mbali, katika mjadala wake mashuhuri na Heber Curtis uliofanyika Washington mwaka 1920. Hubble aliyapima tena mabamba hayo na mwaka 1935 akaonyesha kwamba mwendo ule haukuwepo. Van Maanen hakuwa mwongo. Umbo la mikono humwambia mtu yeyote kwamba kitu kinazunguka, na macho yaliyokwisha kuambiwa hivyo hupata katika vipimo kile yanachokitarajia.

Galaksi huzunguka kweli, lakini haikujulikana kwa kutazama umbo. Ilijulikana kwa kuchanganua nuru: upande mmoja wa kisahani unakuja na wa pili unakwenda, na rangi za nuru husogea ipasavyo. Ni kwa njia hiyo Vera Rubin na Kent Ford, katika utafiti wao wa Andromeda uliochapishwa mwaka 1970, walikuta kwamba kasi haipungui kama ilivyotarajiwa kadiri mtu anavyotoka nje, jambo lililochangia kuzaa swali la mata isiyoonekana ambalo halijajibiwa.

Upande wa mzunguko nao una mtego. Mikono ya galaksi nyingi huburutwa nyuma, kama kanga iliyoshikwa na mchezaji anayezunguka. Kwa hiyo mtazamaji anayeufuata mkono kutoka kitovuni kwenda nje, na kuukuta unapinda kwa kufuata mishale ya saa, anatazama galaksi ambayo kwa kawaida inazunguka kinyume cha mishale hiyo. Na kama angeufuata mkono ule ule kutoka nje kuingia ndani, angesema umepinda kinyume cha saa. Kiswahili kina nyenzo za kuondoa utata huu, yaani kutoka kitovuni na kuingia kitovuni, lakini ni lazima zitumike. Maelezo yasiyosema yameanzia wapi hayawezi kusahihishwa, kwa sababu hayawezi hata kukosea.

Mwaka 2007 ulianzishwa mradi wa Galaxy Zoo, ambapo maelfu ya watu wasio wanaastronomia walionyeshwa picha za galaksi zikaribiazo milioni moja, na kuombwa waseme, pamoja na mengine, mikono imepinda upande gani. Waliosema kinyume cha saa walizidi. Wengine wangefurahi kutangaza kwamba ulimwengu unapendelea upande mmoja. Watafiti walifanya jambo la busara zaidi: baadhi ya picha waligeuza kama zinavyogeuka kwenye kioo, wakawaonyesha watu tena. Waliosema kinyume cha saa wakazidi tena. Upendeleo ulikuwa wa watazamaji. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watazamaji wa Kinondoni wangekuwa tofauti, ila ingekuwa na faida kujua kama swali likiulizwa kwa Kiswahili, kwa kitenzi cha hali badala ya cha mwendo, majibu yangebaki yale yale. Utafiti huo hauhitaji darubini. Unahitaji picha zilizochapishwa, kioo na subira.

Lipo pia fumbo la kwa nini mikono haijajizonga hadi kupotea. Nyota za ndani humaliza mzunguko mapema kuliko za nje. Kama mkono ungekuwa kundi moja la nyota zilizoshikana, baada ya mizunguko michache ungebanana kama uzi kwenye kidonge. C. C. Lin na Frank Shu walipendekeza mwaka 1964 kwamba mkono ni wimbi la msongamano, ambalo nyota huingia na kutoka. Anayesafiri Barabara ya Kilwa jioni analijua jambo hili kwa mwili wake. Foleni hukaa karibu na Mbagala kwa saa nzima, lakini magari yaliyomo si yale yale. Mtu hasemi «foleni imekwenda Kongowe» kwa sababu gari lake limefika Kongowe. Katika galaksi, gesi inayoingia kwenye msongamano hubanwa, nyota mpya huzaliwa, na zile kubwa zaidi hufa kabla hazijafika mbali. Kwa hiyo mkono hung'aa kwa nyota changa. Ufafanuzi huu haujamaliza mjadala. Katika M51, kwa mfano, galaksi ndogo iliyo kwenye ncha ya mkono mmoja inaaminika kuivuta kubwa na kuichangia umbo lake.

Rangi

Neno rangi hutaja kile kionekanacho na vile vile kile kipakwacho. Mbele ya picha za galaksi, maana zote mbili zinahitajika. Darubini kubwa hupiga picha zisizo na rangi, moja baada ya nyingine, kupitia vichujio tofauti; kisha kila moja hupewa rangi yake na zote hupandanishwa. Pale rangi zilizopewa zinapokaribiana na nuru halisi, mtazamaji anaweza kusoma kitu: kitovu cha manjano, kwa sababu nyota zake ni za zamani, mikono ya samawati, kwa sababu nyota changa na kubwa ni za moto zaidi, madoa ya waridi ambamo gesi ya haidrojeni inawashwa na nyota mpya, michirizi ya kahawia ya vumbi. Samawati lenyewe ni neno lililotokana na mbingu, na katika simulizi za sayansi lingestahili kutumika zaidi kuliko bluu, ambayo imeenea bila sababu.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, hupokea nuru ambayo kwa sehemu kubwa jicho la binadamu haliioni kabisa. Mnamo Januari 2024 zilitolewa picha zake za galaksi 19 za mikono zinazoonyesha dunia uso. Ndani yake vumbi, ambalo katika picha za zamani ni giza, linang'aa kwa rangi ya chungwa, na mikono inaonekana kama mifupa iliyotobolewa matundu. Hapo rangi imepakwa kwa maana ya pili ya neno, ili kisichoonekana kionekane. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hatasema kwamba galaksi ni za rangi ya chungwa, wala hatasema kwamba picha ni ya uongo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Sera ya lugha imejadiliwa kwingine kwa urefu, na itatosha hapa kutaja kinachohusu kutazama. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali mjini Dar es Salaam husoma juu ya jua na sayari kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, lugha ya kufundishia hubadilika kuwa Kiingereza. Maneno yote yaliyotajwa katika mhadhara huu, kuanzia uliopinda, uliozonga na ulioburutwa hadi kawa, ungo na kitovu, hubaki nyumbani. Anachopewa badala yake ni neno moja la Kiingereza, analolikariri na kuliandika kwenye mtihani. Akiulizwa galaksi ya M51 ina umbo gani, atajibu sawasawa na kupata alama. Akiulizwa ina mikono mingapi, huenda asijue, kwa kuwa jibu hilo halimo katika neno. Limo katika picha.

Zipo kazi ambazo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuzifanya hapa hapa mjini. Wapo wavuvi wa Kunduchi ambao bado hutoka usiku, na wenye kujua kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Namna wanavyoueleza utepe wa Njia Nyeupe, kwa vitenzi vyao na si kwa majina tu, inafaa kurekodiwa. Wapo wasusi wa nywele wa Tandika wenye msamiati mpana wa mistari inayozunguka kichwa kutoka utosini, na wasukaji wa ukili wanaojua tofauti kati ya mzunguko wa kuanzia na wa kumalizia. Aidha ipo haja ya kuutenga msamiati wa falaki na ule wa unajimu, ambao katika mji aliokuwa akiishi Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri wa Magomeni aliyefariki mwaka 2011, una nguvu kubwa zaidi. Mtu akisikika akiuliza habari za nyota, jambo la kwanza atakaloulizwa ni tarehe yake ya kuzaliwa.

Picha zenyewe zinapatikana bure, na nyingi zinaruhusiwa kuchapishwa. Ikichukuliwa M51 kutoka darubini ya Hubble, ikachapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya daftari, na chini yake yakaachwa mistari kumi mitupu ya kuandikia kwa Kiswahili kile kinachoonekana, kabla mwalimu hajataja jina lolote, majibu ya darasa moja la Mbagala na moja la Tegeta yangetosha kuanzia kamusi.